Kamera Iliyotazama Mlima

Kila siku baada ya shule, Wangoi alivua sare, akala chochote kilichobaki sufuriani, kisha akaenda kufungua studio ya baba yake pale Kabiro, Kawangware, jijini Nairobi. Kazi yake ilikuwa ile ile. Alifagia sakafu, akapangusa kigoda cha wateja na maua ya plastiki, akakung'uta koti la studio. Koti hilo lilikuwa moja tu, jeusi, na nusu ya wanaume wa Kabiro walikuwa wamepigwa picha nalo, wanene kwa wembamba. Mwisho alinyoosha pazia lililochorwa ndege ya abiria, ili jamaa za mteja kule mashambani wakiiona picha wadhani mtu wao yuko karibu kwenda ng'ambo.

Kamera hakuigusa. Kamera ilikuwa ya Baba, na Baba alikuwa ameshasema kwamba kamera si mwiko wa kusongea ugali hata kila mtu aishike.

Baba yake, Ng'ang'a, alikuwa amepiga picha za harusi, za ubatizo na za vitambulisho tangu Wangoi hajazaliwa. Lakini mwaka huo wa 1986 picha zake zilikuwa zikitoka na ukungu. Nyuso zilionekana kama zimepakwa uji. Mteja alipolalamika, Ng'ang'a alikuwa na jibu moja tu, jibu la wapiga picha wote waliowahi kuharibu picha.

"Ulitikisika," alisema.

"Mimi? Nilisimama kama mlingoti!"

"Ulitikisika. Kamera haidanganyi."

Mteja wa watu alirudi nyumbani na aibu yake. Ikafika mahali watu wa Kabiro wakija studio walibana pumzi hadi macho yakawatoka. Mama mmoja alibana pumzi mpaka akaanguka kutoka kigodani, na bado akaambiwa ametikisika.

Wangoi alijua ukweli. Baba alisoma gazeti akiwa amelinyoosha mbali kama linanuka. Juzi tu alimwamkia kwa heshima zote mwenye ploti waliyopanga, Mzee Gichuru, kumbe lilikuwa koti la mzee limeanikwa kwenye kamba. Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mitatu na ulimi usiojua kulala. Jioni moja uvumilivu ukamwisha.

"Baba, si wateja wanaotikisika," alisema. "Ni macho yako."

Mama yake, Rahab, aliyekuwa akichambua sukuma wiki, alisimamisha kisu.

"Macho yangu yalipiga picha kabla hujazaliwa," Ng'ang'a alisema.

"Ndiyo maana yamechoka, Baba."

"Wangoi!"

"Nenda hospitali yapimwe. Mwalimu alisema kuna miwani ya..."

"Nimesema basi!"

Basi ikawa basi. Wangoi alilala akiwa na hasira. Alimpenda baba yake, na hakupenda kusikia akidanganya watu wazima mchana kweupe. Uongo huo ulikuwa ukimla yeye kuliko ulivyowala wateja.

Wiki hiyo hiyo kamera ya zamani ikakwama. Ile pete ya mbele, ambayo Ng'ang'a aliizungusha kutafuta picha isiyo na ukungu, ilikataa kugeuka. Fundi alitikisa kichwa. Hapakuwa na njia ila kununua nyingine, na Rahab akasema, "Nenda na huyu mtoto. Vile vijikaratasi vya maelezo ya kamera ni Kiingereza kitupu, na yeye anasoma Kiingereza vizuri."

Kwa hivyo Jumamosi wakaenda mjini. Muuza duka aliwawekea kamera mbili juu ya kioo.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, yenye pete tatu za kuzungusha. Ng'ang'a aliibeba kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa ndogo na nyeusi, ingeenea katika mfuko wa koti. Muuza duka alisema kamera hiyo hujipimia yenyewe umbali, hujivutia filamu yenyewe, na ina taa yake ya kumulikia gizani.

"Hiyo ni ya watalii," Ng'ang'a alisema. "Mteja akiniona na kitu kama hicho atanicheka. Kamera lazima ijae mkono."

Wangoi alimgeukia muuza duka. "Hii ndogo, betri zikiisha?"

"Unatia za tochi."

"Zile zile za dukani kwetu?"

"Zile zile."

"Na flashi?"

"Imo ndani. Kwa ile kubwa unanunua kando."

Wangoi akaichukua kamera kubwa, akamwekea baba yake mbele ya uso. "Baba, kwenye pete hii kumeandikwa namba gani?"

Ng'ang'a aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. "Mwanga wa duka hili ni mbaya," alisema.

Muuza duka alitazama dari, ambako taa nne ndefu zilikuwa zikiwaka. Alikuwa mtu wa adabu, kwa hivyo hakusema neno. Wangoi hakuyaondoa macho yake usoni mwa baba yake.

"Unataka nini?" Ng'ang'a alinong'ona kwa ukali.

"Nataka kamera utakayoweza kuitumia. Ile inataka macho. Hii ina macho yake."

Walipotoka dukani, kamera ndogo ilikuwa ndani ya sanduku lake, na sanduku lilikuwa kwapani mwa Ng'ang'a. Muuza duka alikuwa ameahidi jambo moja: wakiirudisha kabla ya Jumamosi ijayo adhuhuri, bila mkwaruzo, atawabadilishia wachukue ile kubwa.

"Sikia basi," Ng'ang'a alimwambia binti yake njiani. "Umeichagua wewe. Kesho utapiga nayo wewe. Ikiharibu kazi yangu, Jumamosi inarudi dukani, na hutagusa kamera tena katika studio yangu. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Wangoi alisema. Alikuwa na hofu kidogo na furaha nyingi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Wangoi alisimama penye uwanja ulio kati ya kanisa na hoteli ya chai, kamera shingoni. Baba yake alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Haiya! Ng'ang'a ametuletea kiberiti!" kijana mmoja alicheka.

"Na msichana wa kukiwasha," mwingine akaongeza.

"Kiberiti kidogo huchoma nyumba kubwa," Wangoi aliwajibu. "Simameni muone, ama mnaogopa msichana?"

Wakasimama, kwa sababu kijana wa Kawangware haambiwi mbele ya watu kwamba anaogopa. Kazi ilikuwa rahisi ajabu. Wangoi alitazama katika kitundu cha kamera, akaweka mtu ndani ya kijiraba, yaani mraba mdogo uliochorwa katikati, akabonyeza. Kamera ikalia mlio mwembamba na kujivutia filamu. Alimpiga Mzee Gichuru na baiskeli yake. Aliwapiga mashemasi wawili, mmoja kila upande wa mlango wa kanisa. Kila mtu aliuliza, "Imekwisha? Hivyo tu?"

Halafu ikaja familia ya Nyongesa. Nyongesa alikuwa fundi wa mbao, mpangaji wa Kabiro, Mbukusu kutoka Bungoma. Binti yake Jentrix alikaa dawati moja na Wangoi darasa la saba. Mke wake, Nasambu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama mzazi wa Nasambu alikuwa amesafiri kuja kumwona mjukuu. Wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. Babu alibaki nyumbani. Miguu yake ilikuwa imekataa safari, na alikuwa amemtuma Kukhu kitu kimoja tu: amletee uso wa huyo mtoto, pamoja na wote wa nyumba hiyo.

Kukhu alisimama upande wa kulia na mtoto mikononi, Nasambu kando yake. Nyongesa alisimama upande wa kushoto na Jentrix. Katikati yao pakabaki pengo ambalo ng'ombe angepita bila kumgusa mtu.

"Sogeeni karibu," Wangoi alisema.

Hakuna aliyesogea. Kukhu alitazama chini. Nyongesa alitazama juu.

"Piga tu hivyo, Wangoi," Jentrix alisema haraka. "Nitakueleza baadaye."

Wangoi akapiga. Kukhu, aliyekuwa amesikia sifa za studio ya Ng'ang'a, alibana pumzi tangu mwanzo hadi mwisho.

Picha zilirudi kutoka mjini Jumanne jioni. Ng'ang'a alifungua bahasha mezani, akazipitia moja baada ya nyingine, akiisogeza kila picha mbali na karibu. Uso wake ukachanua.

"Safi!" alisema. "Safi kabisa! Nakubali, Wangoi. Kiberiti chako kinawaka."

Wangoi alizipokea. Mzee Gichuru alikuwa safi hadi kengele ya baiskeli. Wale vijana walikuwa safi, kiburi chao chote kimeonekana. Lakini mashemasi walikuwa mvuke, na katikati yao mlango wa kanisa ulionekana vizuri hadi misumari. Akafika kwenye picha ya kina Nyongesa. Nyuma yao, mbali, hoteli ya chai ilikuwa imetoka vizuri sana. Hata maneno CHAI MOTO ukutani yalisomeka, na jogoo aliyesimama mlangoni angeweza kuhesabiwa vidole. Mbele ya jogoo palikuwa na vivuli vinne na bonge jeupe. Bonge hilo ndilo mtoto.

Wangoi aliiweka picha mezani. Alimtazama baba yake, aliyekuwa bado anatabasamu, na hapo akaelewa. Baba hakuona tofauti. Kwake yeye picha zote zilikuwa sawa. Ilitosha Wangoi afunge mdomo wake, na kamera ingekuwa yake.

Lo, jinsi alivyotaka kuufunga! Lakini alikuwa amemsema baba yake kwa kosa hili hili. Angemtazamaje tena?

"Baba, hii haikutoka," alisema. "Na hii ya mashemasi pia."

Tabasamu likaondoka usoni pa Ng'ang'a polepole. Alizichukua picha zile mbili, akazitazama, akaziweka chini. Hakuuliza ziko vipi, maana kuuliza kungekuwa kukiri.

"Basi waambie walitikisika," alisema hatimaye.

"Sisemi."

"Kila mpiga picha husema hivyo."

"Sisemi, Baba. Hawakutikisika. Watu wote wanne watikisike kwa pamoja, na jogoo asimame wima? Kosa ni letu."

"Si letu. Ni la hiyo kamera yako!" Ng'ang'a aliichukua kamera, akairudisha ndani ya sanduku lake. "Jumamosi inarudi. Na wewe unarudi kwenye ufagio."

Wangoi alikwenda akasimama mbele ya rafu lilipowekwa sanduku. Hakuondoka.

"Nipe mpaka Alhamisi," alisema. "Kama kamera ni mbovu, mbona Mzee Gichuru ametoka? Kuna kitu sijakijua. Nipe nikitafute."

Ng'ang'a alilitazama sanduku, kisha binti yake. "Bila filamu," alisema. "Na kamera haitoki nje ya studio hii."

Kabla ya kutafuta chochote, Wangoi alikwenda kwa kina Nyongesa. Alitembea akijiambia aseme haraka asije akakimbia. Kukhu alikuwa ndani na Nasambu, wakimwogesha mtoto. Nyongesa alikuwa nje, amekaa juu ya ubao, maana mkwe alipokuwa ndani yeye hakuingia.

"Picha yenu haikutoka," Wangoi alisema mlangoni. "Kosa ni langu. Nitawapigia nyingine bure."

"Ai, Wangoi!" Nasambu alisema. "Na Mama anasafiri Jumamosi asubuhi."

Kukhu alimweka mtoto kwenye khanga. Uso wake ulikuwa umejaa wasiwasi. "Mjukuu wangu, ni mimi nilitikisika? Niambie ukweli. Mimi nilishika pumzi, lakini huyu mtoto alinipiga teke."

Hapo ndipo Wangoi alipoona vizuri ubaya wa neno lile. Mama mzee, aliyetoka Bungoma hadi Nairobi, alikuwa akijilaumu kwa kosa la kisanduku cheusi.

"Hapana, Kukhu," alisema kwa sauti kubwa. "Hukutikisika hata kidogo."

"Kosa moja haliachi mke," Nyongesa alisema kutoka nje, akipitisha sauti dirishani. "Lakini umenifurahisha, msichana. Krismasi baba yako aliniambia nilitikisika. Mimi, fundi! Mkono huu unakata mbao kwenye mstari bila rula!"

Jentrix alimsindikiza Wangoi kurudi studio, na njiani akamweleza kama alivyoahidi. Kwao mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, Kukhu alilala kwa jirani yao, mama Akoth.

"Hata kusimama picha moja, tulimbembeleza Baba siku nzima," Jentrix alisema. "Alikubali kwa ajili ya babu. Sasa ukiwaambia wasogeane, wataondoka wote wawili."

"Basi hawatasogea," Wangoi alisema.

Studio ilikuwa na mlango mpana uliotazama barabara. Wangoi alitoa kamera sandukuni, akasimama ndani, akamsimamisha Jentrix nje kidogo ya kizingiti.

"Nisimame tu hapa kama mchawi?" Jentrix aliuliza.

"Simama. Na ukitaka kutikisika, tikisika."

Wangoi alitazama katika kitundu. Alibonyeza kitufe kidogo, bila kukifikisha mwisho, na kwa mara ya kwanza akaona kitu ambacho Jumapili, kwa haraka zake, hakukitilia maanani. Chini ya kitundu palikuwa na alama ndogo tatu: kichwa cha mtu mmoja, kikundi cha watu, na mlima. Mshale mwembamba ulisogea ukasimama kwenye kichwa cha mtu.

Akaachilia. Akaisogeza kamera kidogo, kile kijiraba cha katikati kikamwacha Jentrix na kuangukia kibanda kilicho mbali, ng'ambo ya barabara. Akabonyeza tena kidogo. Mshale ukaruka hadi kwenye mlima.

"Ngai, Mungu wangu!" Wangoi alipiga kelele.

"Nini? Nyoka?"

"Ilikuwa inatazama mlima! Jentrix, hii kamera haijui mtu. Inapima kile kilicho ndani ya kijiraba peke yake. Pale katikati yenu hapakuwa na mtu, kwa hivyo ikapita kwenye pengo, ikaenda kumpiga jogoo wa hoteli!"

"Na mashemasi?"

"Ikapiga mlango!"

Walicheka hadi wakashikana. Lakini kujua ugonjwa si kuupatia dawa. Kama kijiraba kiko katikati, na katikati hakuna mtu, na watu hawawezi kusogezwa, utafanyaje? Wangoi alijaribu hivi na vile. Alimpima Jentrix, akaachilia kitufe, akasogeza kamera. Mshale ukakimbilia mlimani. Alirudia, ukakimbia tena. Jentrix alichoka akaketi kizingitini. Jumatano alirudi, akasimama tena, safari hii akiwa na sima na mboga mkononi.

Mara Wangoi akajaribu kutoachilia. Alimweka Jentrix kwenye kijiraba, akabonyeza kitufe nusu, mshale ukasimama kwenye alama ya mtu. Bila kuinua kidole, akaigeuza kamera polepole hadi kijiraba kikaangukia kibanda cha mbali. Mshale haukusogea. Akageuza huku, akageuza kule. Mshale ulikaa pale pale, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Wangoi hakupiga kelele safari hii. Alirudia, na akarudia tena, hadi kidole chake kikajifunza mahali nusu inapoishia na nzima inapoanzia. Giza lilipoingia ndipo alipoirudisha kamera sandukuni, akaifuta alama za vidole kwa pindo la sweta yake.

Alhamisi, jua likielekea kushuka, kina Nyongesa walisimama tena uwanjani. Wapita njia walikusanyika, maana habari ya picha iliyompiga jogoo ilikuwa imeshafika hadi Kibera. Ng'ang'a, aliyekuwa ameambiwa na binti yake kwamba dawa imepatikana, alikuja na filamu mpya mfukoni. Aliitia kamerani mwenyewe, kwa kupapasa, akamkabidhi binti yake.

Kukhu kulia, na mtoto. Nasambu kando yake. Nyongesa kushoto, na Jentrix. Pengo lilikuwa pana kuliko la kwanza.

Ng'ang'a aliona pengo hilo, hata kwa macho yake. "Sogeeni!" aliita. "Mzee Nyongesa, sogea karibu na mama! Picha si shamba!"

Kukhu akapiga hatua moja nyuma. Nyongesa akageuka kuondoka.

"Wasisogee!" Wangoi alisema.

Watu wote wakageuka. Mtoto wa mtu kumpinga baba yake mbele ya watu, tena jua halijazama! Rahab, aliyekuwa na kapu lake la mboga kando, alishika kiuno.

"Wasisogee, Baba," Wangoi alirudia. "Wamesimama vile heshima yao inavyotaka. Kamera ndiyo itajifunza watu. Watu hawatajifunza kamera."

Hakungoja jibu. Alimweka Kukhu ndani ya kijiraba, akabonyeza nusu. Mshale ukasimama kwenye kikundi cha watu. Akashikilia. Akaigeuza kamera taratibu hadi wote wanne na mtoto wakaenea, na pengo lao katikati.

"Kukhu, pumua!" aliita. "Pumua kabisa!"

Mama mzee alishangaa, akapumua, na pumzi ikatoka na kicheko. Hapo Wangoi akamaliza kitufe.

Ng'ang'a aliitoa filamu kamerani, akaitia mfukoni. Ijumaa alikwenda mjini na filamu, na jioni akarudi. Wangoi alimngojea studio, ufagio mkononi, akiufagia mchanga ule ule kutoka kona hii hadi kona ile. Sanduku la kamera lilikuwa rafuni. Jumamosi ilikuwa kesho.

Ng'ang'a aliweka bahasha mezani. Ilikuwa bado imefungwa kwa gundi.

"Hujaifungua, Baba?"

"Ningeifungua nikaona nini?" alisema kwa sauti ya chini. Akaketi juu ya kigoda cha wateja. "Fungua wewe. Niambie. Utakachosema ndicho nitakachoamini."

Wangoi alirarua bahasha. Akaisogeza picha kwenye mwanga.

"Basi?"

"Shanga za Kukhu zinahesabika," alisema. "Mtoto amekunja ngumi. Mzee Nyongesa ametabasamu lakini anatazama pembeni. Kukhu anacheka, Baba, na jino lake moja halipo. Wote wametoka. Pengo pia limetoka."

"Na jogoo?"

"Jogoo ametikisika."

Ng'ang'a alicheka, kisha kicheko kikakatika, akafunika macho yake kwa viganja. Wangoi hakuwahi kumwona hivyo, akaogopa. Lakini Baba aliinuka, akachukua picha ile, akamshika binti yake mkono, wakaenda hadi kwa kina Nyongesa. Nyongesa alikuwa nje, juu ya ubao wake.

"Fundi," Ng'ang'a alisema, "Krismasi hukutikisika. Ni mimi nilikuwa sioni. Na niliowaambia hivyo ni wengi, nitawapitia mmoja mmoja."

Nyongesa alisimama, akampa mkono. Ndani, Kukhu aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama, akamwonyesha mtoto sura yake mwenyewe, akaitazama tena.

"Mzee wangu atatuona," alisema. Akaifunga ndani ya kitambaa, akakiweka kifuani.

Waliporudi studio, Ng'ang'a alisimama mlangoni, mahali pale Jentrix alipokuwa amesimama siku mbili.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Nilificha macho yangu nyuma ya neno moja, na neno lile likawafukuza wateja kuliko macho. Wewe ulikuwa na nafasi ya kuficha kosa lako Jumanne. Mimi nisingejua. Ulikataa, na kwa kuwa ulikataa kulificha, ukapata njia ya kulirekebisha. Anayesema 'ulitikisika' hajifunzi kitu, Wangoi. Anayesema 'nilikosa' ndiye anayejifunza. Jumatatu naenda kupimwa macho. Usinisindikize, utanisema hadi kwa daktari."

"Nitakusindikiza," Wangoi alisema.

"Najua."

Kesho yake Jumamosi, saa ya kurudisha kamera ilipofika, sanduku lake lilikuwa rafuni limejaa maua ya plastiki. Ng'ang'a alivaa lile koti jeusi la studio, ambalo hakuwahi kulivaa maishani mwake, akaketi kwenye kigoda mbele ya ndege ya kuchorwa. Akajinyoosha. Akabana pumzi.

"Piga, Maitu," alisema. Maana yake ni mama yangu, na Wakikuyu humwita hivyo binti aliyerithi jina la mama mzazi wa baba yake, na tangu ugomvi wa macho uanze, Baba hakuwa amemwita hivyo.

Wangoi aliinua kamera, akaweka uso wa baba yake ndani ya kijiraba, akabonyeza nusu, akashikilia.

"Pumua, Baba," alisema. "Hapa hakuna anayetikisika."